Picha Imekufa, Sauti Ipo

Msomaji wa taarifa ya habari alikuwa katikati ya sentensi alipobanwa juu na chini. Kichwa kikashuka, kidevu kikapanda, mpaka vikakutana na kuwa mstari mmoja mweupe uliopita katikati ya kioo kutoka kushoto hadi kulia. Sauti yake haikushtuka. Iliendelea kueleza faida za kubinafsisha mashirika ya umma kana kwamba mwenyewe hajapatwa na lolote.

Watu waliojaa sebuleni kwa Zadok, pale Mabatini mjini Mwanza, walisogea karibu na kioo. Watoto waliokaa sakafuni waliinamisha vichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, wakidhani labda mtu yule bado yumo ndani ya mstari ila hajatazamwa vizuri. Suzana, jirani wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyeuliza.

"Huyu baba kaenda wapi?"

"Ni Dar hao," Zadok akajibu upesi. "Mitambo imewashinda huko Dar."

Zadok hakuwa mtu wa kukubali kuwa televisheni yake inaweza kuugua. Ilikuwa ya inchi ishirini na moja, imetengenezwa Japani, imepitia Dubai, na katika mtaa ule haikuwa na mwenzake. Kwa ajili yake nyumba nzima ilikula mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa kwa wazungu. Tangu iingie ndani, Zadok alikuwa amebadilisha hata namna ya kusalimia. Aliinua kidole kimoja tu, kama diwani aliyepita bila kupingwa.

Aliizima, akaiwasha. Mstari. Akapanda juu ya bati kuzungusha ile antena yake ya kifuniko cha sufuria, watoto wakimpigia kelele kutoka chini, "Bado! Bado! Hapo hapo! Aa, bado!" Mtu akasema umeme ni mdogo, mwingine akasema imepata joto, ipepewe, wakaipepea kwa ungo. Mwisho mzee mmoja aliyekuwa karibu na mlango akatoa ushauri ambao kila mmoja alikuwa nao moyoni.

"Mpe kibao."

Zadok aliitandika kibao cha ubavuni. Mstari ukatikisika, ukapanuka, paji la uso la msomaji likachungulia kidogo, watu wakashangilia. Akaongeza cha pili, cha nguvu zaidi, na mstari ukarudi mwembamba kuliko ulivyokuwa. Waliisikiliza taarifa mpaka hali ya hewa, macho yote kwenye mstari, kisha wakaaga.

Zadok hakulala vizuri, na si kwa ajili ya majirani. Jumapili ile kulikuwa na fainali ya mpira iliyokuwa ikizungumzwa mji mzima, na Bwana Chenge, meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha samaki alikofanya kazi Zadok, alikuwa amekubali kuja kuitazama kwake. Chenge alikuwa na gari na nyumba ya ghorofa, lakini mkewe alikuwa mlokole aliyeapa kwamba televisheni haitakanyaga kwake. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi. Zadok alikuwa amepiga hesabu kwamba mtu akishangilia bao akiwa kwenye kochi lako, hawezi kukunyima usimamizi kesho yake asubuhi.

*

Jioni ya pili majirani walikuja kama kawaida, wengine na stuli zao. Zadok akawazuia mlangoni. Angeweza kusema imeharibika, na kila mtu angesema pole na kwenda zake. Lakini alikuwa amekwisha kusema, tena mara nyingi, kwamba za Japani haziharibiki, na kwamba zinazoharibika ni zile za watu wasiojua kununua.

"Jamani, leo hapana," akasema. "Hatuwashi. Tuna msiba."

Stuli zilishuka mabegani. Kila mtu anajua kwamba nyumba yenye msiba haiwashi redio, sembuse televisheni.

"Msiba wa nani tena, Baba Victor?" Suzana akauliza, mkono mdomoni.

Zadok hakuwa amejiandaa. Akatazama bati, akatazama chini.

"Mama mkwe."

Mkewe, Achola, alikuwa uani akigeuza mapanki kwenye kikaango. Alisikia. Akabaki na upawa hewani.

Mama yake alikuwa amekufa kweli. Alikufa mwaka uliopita, wakati wa masika, huko kwao Rorya, wiki ile ile televisheni ilipoletwa ndani. Zadok alimwambia nauli yote imekwenda Dubai. Akamwomba alie polepole, kwa kuwa majirani wakisikia watauliza mbona hawasafiri. Basi Achola akamlilia mama yake ndani ya mto wa kulalia, akafunga kilemba, akaenda sokoni, na mtaani hakuna aliyejua. Kwa hiyo Zadok hakujiona mwongo hata kidogo. Hakuwa amemuua mtu aliye hai. Alikuwa amesogeza tarehe tu.

Achola akaipua kikaango, akakiweka chini taratibu, akatoka mpaka katikati ya uwanja. Akaweka mikono kichwani.

"Mama yoo! Mama yangu! Umekwenda sikukuona! Wamekufukia mimi niko hapa nakaanga samaki!"

Kilio kile kilikata mtaa mzima. Wanawake walitupa walichoshika wakaja mbio. Zadok mwenyewe alipigwa na butwaa, kisha akafurahi, maana hakujua kama mkewe ana kipaji kiasi kile. Akamsogelea, akamnong'oneza.

"Vizuri sana, Mama Victor. Lakini usizidishe."

Achola alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichoingia kwenye maziwa. Akaendelea kulia.

Hapo mambo yakatoka mikononi mwa Zadok na kuingia mikononi mwa wanawake wa Mabatini, ambao kwa kazi hiyo hawahitaji kufundishwa. Makochi yalitolewa nje, mikeka ikatandikwa, kuni zikaja, sufuria kubwa ya kanisa ikaja. Wanaume wawili waliinyanyua televisheni kwa heshima zote, wakaisukuma chini ya kitanda chumbani ili isikae usoni pa wafiwa. Suzana akashika daftari la rambirambi.

"Mazishi lini, Baba Victor?"

Kichwani mwa Zadok kulikuwa na siku moja tu.

"Jumapili," akasema, na neno likiwa bado mdomoni akajua amejichimbia.

"Basi mtasafiri."

"Barabara mbaya sana sasa hivi. Tutaomboleza hapa hapa."

"Mama mzazi wa mkeo anazikwa, wewe mkwe umekaa Mabatini?" Suzana alisema kwa sauti ya kuwafaa wote waliokuwepo. "Hatukubali. Mimi kesho niko zamu ya asubuhi kiwandani, nitamwambia Bwana Chenge mwenyewe."

*

Jumamosi Antoni, fundi wa redio kutoka Igogo, aliingizwa msibani kama mfiwa. Zadok alimwambia avae koti na asitoe bisibisi hadharani. Antoni alikuwa mtu wa maneno mengi na alijiita daktari. Alipita katikati ya wanawake akisema pole, pole sana, huku mfuko wake ukilia chuma kwa chuma, akaketi kwanza na wanaume akala ugali wa msiba mpaka akashiba, ndipo akaomba kuonyeshwa chumba "apumzike".

Waliivuta televisheni kutoka chini ya kitanda, wakaigeuza kifudifudi juu ya godoro. Antoni akafungua mgongo wake. Mende wakatawanyika.

"Mgonjwa ana dalili gani?"

"Picha imekufa, sauti ipo."

"Mstari mmoja katikati?"

"Mmoja."

"Umelala au umesimama?"

"Umelala."

"Aa! Huo hauna shida. Uliosimama ndio unaokula hela." Antoni akawasha tochi, akaitia mdomoni, akaitoa tena ili aweze kuongea. "Usiguse hapo! Hiyo hata ikichomolewa inatunza umeme, itakurusha mpaka dirishani. Sasa angalia. Sauti ina njia yake, picha ina njia yake. Kipande hiki ndicho kinachoivuta picha juu na chini. Kikilegea, picha inalala. Umeona mguu huu? Risasi iliyouunga imepasuka." Akainua macho. "Hii TV imepigwa."

"Haijapigwa."

"Bwana mkubwa, ufa unaniambia imepigwa. Ulianza mdogo wenyewe, mtu akaja akaumalizia."

"Labda watoto."

"Mtoto gani ana mkono huu?" Antoni akaonyesha ubavuni, ambapo plastiki ilikuwa imebonyea kidogo. Zadok akatazama dirisha.

Antoni aliyeyusha risasi mpya, moshi ukajaa chumbani. Nje, mzee wa kanisa alikuwa amefika kwenye sala ya kuiweka roho ya marehemu mahali pema. Antoni akachomeka waya ukutani, akabonyeza.

Picha ikafunguka nzima, juu mpaka chini, rangi zote. Sauti nayo ikafunguka, kwa sababu tangu Alhamisi hakuna aliyeipunguza. Tangazo la sabuni lilipasua nyumba, wasichana wakiimba kwamba mapovu ni mengi, mapovu ni mengi.

Nje sala ilikatika. Zadok aliruka kutafuta kitufe, Antoni akachomoa waya. Kisha wakasikia sauti ya Achola pale uwanjani, ya upole kabisa.

"Ni redio ya mgeni. Endelea, mzee."

Sala ikaendelea. Muda kidogo mlango ukafunguka, Achola akaingia, macho yamevimba, kitenge kimefungwa kiunoni. Aliitazama televisheni juu ya kitanda chake.

"Imepona?"

"Imepona," Zadok akasema, akitabasamu kwa hofu. "Sasa sikiliza, Mama Victor. Usiku tunaanua matanga, Bosi namtumia neno kwamba wamezika mapema, kesho anakuja, tunaanza upya. Nawe umeigiza vizuri, nitakununulia..."

"Nimeigiza?"

Antoni akainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imepotea.

"Mwaka mzima nimembeba mama kifuani kama mtoto wa wizi," Achola akasema. "Jana ndiyo mara ya kwanza mtu kuniambia pole. Suzana amenishika mkono mpaka asubuhi. Mimi kesho nakwenda kwetu. Ukinizuia, natoka hapo nje sasa hivi, nawaambia mama alikufa lini."

*

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo chenyewe kinaweza kuja na gari ya kampuni.

Alfajiri ya Jumapili pikapu ya kiwandani ilisimama mbele ya nyumba, ikinuka sangara. Akashuka Bwana Chenge, amevaa kofia nyeusi. Nyuma walikuwamo vijana wa kiwandani na majembe na sururu. Katikati yao, limefunikwa turubai, kulikuwa na sanduku la maiti.

Chenge akiwa na huzuni, Kisukuma kilimrudia mdomoni na kila r ikageuka l.

"Pole sana, Zadok. Mpila upo siku zote. Mzazi halejei." Akamshika mabega. "Suzana ametueleza. Kampuni imetoa gali, imetoa na sanduku. Selemala wetu amelifanya usiku kucha kwa mbao za makasha."

Zadok aliona pembeni mwa sanduku herufi nyekundu ambazo randa haikuzimaliza: WEKA KWENYE BARIDI.

"Bosi, hapana, ni gharama..."

"Usikatae!" Chenge alikuwa na machozi ya kweli. "Mimi nitakwenda nawe mpaka kabulini."

Watoto wakaachwa kwa Suzana. Antoni, ambaye alirudi asubuhi kusema pole kwa mara nyingine, alijitolea kulinda nyumba, na alipoulizwa atalinda mpaka saa ngapi akasema mpaka mpira... mpaka mtakaporudi. Achola alikaa mbele kati ya dereva na Chenge. Zadok alipanda nyuma, akakaa juu ya tairi la akiba, mikono yote miwili kwenye sanduku, kwa sababu kila kona lilitaka kumpanda.

Alikuwa na safari nzima ya kusema ukweli. Walipopita Magu alijiambia atasema Bunda. Bunda wakasimama kunywa chai, akamfuata Chenge pembeni, akakohoa.

"Bosi, kuna jambo."

"Najua, Zadok. Najua unalotaka kusema." Chenge akampigapiga mgongoni. "Hukuomba msaada, umenyamaza na uchungu wako, na mkeo analia ndani ya gari tangu tuondoke. Nimefikilia njiani. Ile kazi ya usimamizi ni yako. Tukiludi nasaini. Mimi nataka mtu anayeheshimu wakwe zake. Sasa, jambo gani?"

Zadok alimtazama mtu aliyekuwa amempa kila alichotaka.

"Nilitaka kushukuru," akasema.

Akarudi nyuma kulishika sanduku. Hata hivyo, msomaji, usimcheke sana. Mtu akishapewa, ni wachache wanaorudisha.

*

Odongo, kaka mkubwa wa Achola, alikuwa akipanda miche ya uzio alipoona pikapu ikiingia bomani polepole, taa zimewashwa mchana, na sanduku nyuma, na shemeji yake kutoka Mwanza amelishikilia. Alichoelewa mara moja ni kimoja tu. Alitupa jembe.

"Achola! Wamemleta Achola!"

Vilio vilitoka kila nyumba. Wanawake walikuja wakikimbia, mmoja akajitupa chini mbele ya gari mpaka dereva akafunga breki. Odongo alikuwa ameshapanda tairi, amekumbatia sanduku, analibamizia kichwa chake, akimwita mdogo wake kwa majina ya utotoni.

Mlango wa mbele ukafunguka. Achola akashuka.

Ilichukua muda watu kunyamaza, kwa kuwa wa nyuma walikuwa hawajamwona. Odongo alishuka, akamshika dada yake uso kwa mikono miwili, akambonyeza mashavu kama anayepima embe. Kisha akageuka.

"Sasa humu ndani kuna nani?"

Chenge akavua kofia, akapiga hatua mbele na kutoa hotuba aliyoipanga tangu Mwanza, kwamba uongozi wa kiwanda umeguswa, na kwamba wamekuja na vijana wa kuchimba ili kumzika mama kwa heshima.

"Mama yupi?" Odongo akauliza.

"Mama yenu. Mama mkwe wa huyu."

Odongo alimtazama Zadok. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na kaburi lililokwisha kutitia katikati, matembele yametambaa mpaka juu yake.

"Mama yule pale," akasema. "Huyu mkwe tulimsubiri. Tulituma ujumbe, tukamsubiri mpaka watu wakaanza kuziba pua. Tukamzika mama bila mkwe na bila binti yake."

Achola alikuwa ameshakwenda. Alikwenda akitembea, kisha akikimbia, akaanguka juu ya yale matembele, akayang'oa kwa mikono. Kilio chake safari hii hakikuwa na maneno. Wanawake wa pale walimfuata wakakaa naye chini, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Vijana wa kiwandani waliyashusha majembe yao taratibu. Chenge alikuwa ameikunja kofia kama kitambaa.

"Zadok," akasema. "Kwa nini?"

Zadok akaondoa mikono kwenye sanduku.

"Bosi, TV iliharibika picha."

"Amesema nini?" mzee mmoja akauliza kwa Kijaluo. Odongo akajaribu kumtafsiria, akaacha katikati.

Chenge alipanda gari, akawaita vijana wake. Sanduku likashushwa. Zadok alipouliza kwa sauti ndogo kama halirudi kiwandani, Chenge akasema halipandi tena gari ya kampuni, na Zadok pia hapandi, leo wala Jumatatu wala siku nyingine. Odongo naye akasema halilali kwenye boma lake. Zadok akaenda nyuma ya nyumba, akasimama mbali kidogo na kaburi.

"Mama Victor. Twende."

Achola hakugeuka. "Mimi nimefiwa," akasema. "Nikimaliza, watoto nitawafuata mwenyewe."

*

Zadok alilibeba sanduku kichwani mpaka barabarani, akalikalia kusubiri usafiri. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Kila aliyepita alivua kofia, akampa pole, akaenda zake, na wawili wakamwachia hela ndogo mkononi kabla hajawahi kuikataa.

Basi la Musoma likasimama. Utingo akaruka chini, akaona, akashusha sauti.

"Pole, mzee. Maiti tunapakia juu, lakini lazima nimwambie dereva. Ni nani?"

"Hakuna mtu. Ni tupu."

"Mzee," utingo akasema kwa huruma, "nauli yake tutaelewana. Hakuna mtu anayesafiri na sanduku tupu. Kubali tu, ndiyo dunia. Nani amekufa?"

Abiria walikuwa wamejaza madirisha wakimtazama. Zadok akasema tena kwamba ni tupu, akaapa, akaanza kueleza habari ya mguu wa risasi uliopasuka na mstari uliolala, na mwanamke mmoja dirishani akatikisa kichwa, akamwambia mwenzake kwamba uchungu umemharibu akili, maskini, mwacheni alie.